Nafasi kati ya Reli na Jengo: Somo kutoka Reli za Mfano

Garimoshi ni chombo kisichoweza kukwepa. Dereva wa gari akiona ukuta umesogea mno barabarani huzungusha usukani. Nahodha akiona mwamba hugeuza jahazi. Garimoshi hupita palepale reli ilipopita, na chochote kilichojengwa ndani ya njia yake hakina budi kugongwa. Kwa hiyo swali la umbali unaofaa kuachwa kati ya reli na ukuta, jukwaa, nguzo au reli nyingine ni miongoni mwa maswali ya kwanza katika ujenzi wa reli yoyote ile.

Watu wengi hudhani kwamba jibu ni jepesi: upana wa behewa upimwe, kisha iongezwe nafasi kidogo. Jibu hilo ni sahihi mahali pamoja tu, yaani penye reli iliyonyooka na isiyoinama. Reli ikianza kupinda, behewa huhitaji nafasi pana kuliko upana wake lenyewe. Kiasi cha nafasi hiyo hakionekani kwa macho behewa likiwa limesimama, lakini chaweza kuhesabiwa kwa jiometri inayofundishwa katika shule za sekondari.

Jambo hili hudhihirika zaidi katika reli za mfano, yaani reli ndogo zinazojengwa juu ya meza pamoja na stesheni, maghala na nyumba zake. Kazi hiyo ina wapenzi wengi hasa Marekani na Ulaya, na kwa wengi wao ni shughuli ya maisha. Kosa la kipimo ambalo katika reli halisi hugharimu mamilioni ya fedha, juu ya meza huharibu nyumba ya kadibodi na kumfunza aliyeijenga.

Geji si upana wa garimoshi

Geji ni umbali kati ya kingo za ndani za reli mbili. Reli za kwanza za Afrika Mashariki, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ile ya Mombasa iliyoanza mwaka 1896, zina geji ya milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ina geji ya milimita 1,067. Reli mpya za Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, na ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, zina geji ya milimita 1,435.

Hata hivyo geji peke yake haielezi ukubwa wa chombo kipitacho juu yake. Reli za Afrika Kusini zina geji ya milimita 1,067, lakini kipimo chake huruhusu mabehewa yenye upana wa takriban mita 3. Uingereza, yenye geji ya milimita 1,435, mabehewa mengi ya abiria yana upana wa takriban mita 2.8 tu. Geji nyembamba zaidi imebeba behewa pana zaidi. Sababu ni kwamba madaraja na mahandaki mengi ya Uingereza yalijengwa mapema katika karne ya 19, na ukubwa wa mabehewa ukalazimika kufuata matundu yaliyokwisha kuchimbwa.

Katika reli za mfano hali ni hiyohiyo. Skeli ieneayo zaidi duniani ni ile iitwayo HO, ambayo kila kitu ndani yake hupunguzwa mara 87. Geji yake ni milimita 16.5. Waingereza hupenda skeli iitwayo OO, ambayo hupunguza mara 76, lakini magurudumu yake hutembea juu ya geji hiyohiyo ya milimita 16.5. Reli ni moja, miili ni miwili. Anayejenga jukwaa lake kwa kupima reli tu, bila kupima behewa litakalopita, amepima kitu kisichohusika.

Behewa lipitapo kwenye kona

Kila behewa refu hukaa juu ya vigari viwili vya magurudumu, kimoja karibu na kila ncha. Vigari hivyo hufuata kona ya reli, lakini mwili wa behewa ni mnyoofu na haupindi. Mfano ulio karibu ni upinde na ugwe wake. Reli ni upinde. Mstari unaounganisha kigari cha mbele na cha nyuma ni ugwe. Ugwe hugusa upinde kwenye ncha zake mbili, bali katikati huwa mbali nao. Vivyo hivyo tumbo la behewa hukata kona na kuingia upande wa ndani. Ncha za behewa, ambazo hutokeza mbele na nyuma ya vigari, hutupwa upande wa nje. Katika makala haya tofauti hizo mbili zitaitwa mchomozo wa ndani na mchomozo wa nje.

Mambo matatu huongoza ukubwa wa michomozo hiyo: umbali kati ya vigari viwili, urefu wa behewa zima, na ukali wa kona. Ukali wa kona hupimwa kwa nusu kipenyo cha duara ambalo kona ni sehemu yake. Kadiri nusu kipenyo kilivyo kifupi, ndivyo kona ilivyo kali na mchomozo unavyokuwa mkubwa.

Hesabu yenyewe

Ili kupata mchomozo wa ndani, umbali kati ya vigari huzidishwa kwa umbali huohuo, kisha jibu hugawanywa kwa nusu kipenyo kilichozidishwa kwa 8. Ili kupata mchomozo wa nje, huchukuliwa mraba wa urefu wa behewa zima, hutolewa mraba wa umbali kati ya vigari, kisha baki hugawanywa vilevile kwa nusu kipenyo mara 8. Kanuni hizi ni za kukadiria, lakini usahihi wake watosha kabisa kwa kazi ya kupanga.

Na tuchukue behewa la abiria la Kimarekani lenye urefu wa futi 85, yaani takriban mita 25.9, ambalo umbali kati ya vigari vyake ni takriban mita 18.1. Katika skeli ya HO behewa hilo huwa na urefu wa milimita 298, umbali wa milimita 208 kati ya vigari, na upana wa takriban milimita 35. Kona iliyozoeleka sana katika reli ndogo za nyumbani ina nusu kipenyo cha inchi 18, yaani milimita 457.

Mraba wa 208 ni 43,264. Nusu kipenyo mara 8 ni 3,656. Jibu la mgawanyo ni karibu milimita 12: huo ndio mchomozo wa ndani. Mraba wa 298 ni 88,804. Ukitolewa 43,264 hubaki 45,540, na mgawanyo wake pia ni milimita 12 na kitu kidogo. Hivyo behewa lenye upana wa milimita 35 hufagia njia yenye upana wa karibu milimita 59.

Behewa fupi la mizigo la futi 40 hutoa sura nyingine kabisa. Katika HO lina urefu wa milimita 140, na umbali kati ya vigari vyake ni takriban milimita 105. Kwenye kona ileile mchomozo wake ni milimita 3 tu ndani, na hata pungufu ya hapo nje. Ndiyo maana mjenzi aweza kuendesha mabehewa ya mizigo miezi kadhaa pasipo tatizo, kisha siku atakapoleta behewa la kwanza la abiria, kona ya ghala ing'oke.

Yafaa pia ieleweke kwa nini tatizo hili ni kubwa zaidi juu ya meza kuliko katika reli halisi. Nusu kipenyo cha milimita 457 kikizidishwa mara 87 huwa takriban mita 40. Hakuna reli kuu ya kisasa ambayo ingepitisha treni ndefu ya abiria katika kona kali kiasi hicho. Mjenzi wa reli ya mfano hupunguza behewa kwa uaminifu, lakini kwa kukosa nafasi chumbani huikunja reli kupita kiasi. Katika reli halisi yenye nusu kipenyo cha mita 200, behewa lilelile lingekuwa na mchomozo wa takriban sentimita 20 kila upande. Sentimita 20 si nyingi, lakini zatosha kulifikisha behewa kwenye ukingo wa jukwaa.

Reli mbili sambamba

Reli halisi za Marekani zikienda sambamba aghalabu huachiana futi 13 au 14 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Futi 14 katika HO ni milimita 49, na kwa sababu hiyo wajenzi wengi hutumia inchi 2, yaani takriban milimita 50. Mahali paliponyooka kipimo hicho chafaa: mabehewa mawili ya milimita 35 hupishana yakiwa na nafasi ya milimita 15 kati yao.

Penye kona hesabu hubadilika. Behewa lililo kwenye reli ya ndani hutupa ncha zake nje. Behewa lililo kwenye reli ya nje huingiza tumbo lake ndani. Yote mawili husogea mahali pamoja. Ikiwa reli ya ndani ina nusu kipenyo cha milimita 457 na ya nje milimita 507, michomozo miwili ni takriban milimita 12 na 11. Ukijumlisha na upana wa milimita 35, zahitajika milimita 58 ili mabehewa yagusane tu bila kugongana. Nafasi iliyopo ni milimita 50. Treni mbili zikikutana hapo hapana budi zigongane, japo kila moja ikipita peke yake husafiri salama.

Hata kona pana zaidi haitoi raha kamili. Kwa nusu kipenyo cha inchi 30, yaani milimita 762, hesabu ileile huacha nafasi ya milimita 1 hivi. Kwa ajili hiyo reli sambamba hupanuliwa umbali zinapokaribia kona. Kwa mfano wa kwanza, milimita 65 ni kipimo cha busara, na huacha pia upenyo wa kuingiza kidole pale behewa linapotoka relini.

Mahali pasipotiliwa shaka

Kosa moja huwapata hata wajenzi makini. Baada ya kupanua nafasi penye kona, huweka jengo mara tu reli inapoanza kunyooka, wakidhani hatari imekwisha. Lakini behewa huanza kuchomoza kabla mwili wake wote haujaingia kwenye kona. Kigari cha mbele kikishaingia na cha nyuma kingali kwenye reli iliyonyooka, ugwe umekwisha kuondoka juu ya upinde. Kwa hiyo nafasi ya ziada haina budi kuanza mbali kidogo kabla ya kona, na urefu wa behewa moja ni kipimo cha usalama.

Kimo nacho kina sheria zake. Katika reli halisi, reli ya nje ya kona huinuliwa kuliko ya ndani ili kupunguza athari ya mwendo wa kasi. Behewa basi huinama kuelekea ndani. Katika geji ya milimita 1,435, vitako vya magurudumu juu ya reli mbili huachana takriban milimita 1,500. Reli ya nje ikiinuliwa milimita 100, sehemu ya behewa iliyo mita 4 juu ya reli husogea ndani kwa takriban milimita 267. Ukuta ulio salama chini waweza kuwa hatari penye paa.

Kwenda juu, vipimo hutegemea zama. Makontena yanayopandishwa mawili mawili katika reli za Marekani hufika kimo cha futi 20 na inchi 2, yaani zaidi ya mita 6.1. Katika HO kimo hicho ni milimita 71. Daraja la mfano lililojengwa kwa ajili ya mabehewa ya miaka ya 1930 halitayapitisha. Penye umeme, kama ilivyo reli ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kila daraja linalovuka juu ya njia halina budi kuacha pia nafasi ya nyaya na ya umbali wa usalama kati ya nyaya na daraja.

Jukwaa: karibu mno au mbali mno

Ukuta ukiwekwa mbali kupita haja, hasara yake ni ndogo. Jukwaa si hivyo. Likiwa karibu mno hugongwa. Likiwa mbali mno abiria hutumbukia katika pengo. Tuseme jukwaa la mfano limewekwa upande wa ndani wa kona ya milimita 457. Ili behewa refu lipite, ukingo wa jukwaa uwe takriban milimita 35 kutoka katikati ya reli. Behewa fupi likisimama hapo litaacha pengo la milimita 14 au zaidi, ambalo katika ukubwa halisi ni zaidi ya mita 1. Hakuna mpakuzi wa mizigo awezaye kuvuka pengo hilo na gunia begani.

Hapana ujanja wa kuondoa mgongano huo ila kuliweka jukwaa penye reli iliyonyooka. Pale isipowezekana, abiria hulipa gharama kwa hadhari ya kila siku. Majukwaa ya njia ya Central katika kituo cha Bank mjini London, njia iliyofunguliwa mwaka 1900, yamepinda kwa sababu handaki lilifuata mipindo ya barabara zilizo juu yake. Treni zikisimama hapo huacha mapengo makubwa kati ya milango na jukwaa, na abiria huonywa wayaangalie. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kona iliyochorwa na wahandisi wa kwanza ingali inaamua mahali mguu wa abiria utakapokanyaga.

Gharama ya kutopima

Mwezi Mei mwaka 2014 ilitangazwa nchini Ufaransa kwamba treni mpya za mikoani zilikuwa pana kiasi cha kutopita salama katika majukwaa yapatayo 1,300. Vipimo vilivyotumika vilitokana na majukwaa mapya, na majukwaa mengi ya zamani, ambayo yalisogea zaidi kwenye reli, hayakuwa yamepimwa. Kazi ya kuyachonga ilikadiriwa kugharimu euro milioni 50.

Nchini Hispania, mwaka 2020 ziliagizwa treni 31 kwa ajili ya mikoa ya Asturias na Cantabria, kwa thamani ya euro milioni 258. Njia za huko ni za geji ya milimita 1,000, na mahandaki yake mengi yalichimbwa katika karne ya 19 kwa vipimo visivyolingana. Mtengenezaji aligundua kwamba treni zilizoagizwa zisingepenya katika baadhi ya mahandaki hayo. Habari zilipoenea mwaka 2023, wakuu wawili wa ngazi ya juu waliacha nyadhifa zao. Hata hivyo kosa lilikuwa limeonekana kabla treni hazijaundwa. Kilichopotea ni muda, si vyuma.

Tofauti kati ya mikasa hiyo miwili ni fundisho. Katika wa kwanza kosa lilitangazwa wakati marekebisho ya mawe na zege yalikuwa hayaepukiki. Katika wa pili lilionekana likiwa bado juu ya karatasi. Karatasi hufutika kwa raba.

Jaribio la kadibodi

Msomaji aweza kuthibitisha haya bila kuwa na reli wala garimoshi, na mwalimu aweza kulifanya jaribio hili darasani. Kikatwe kipande cha kadibodi chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 3.5. Juu ya mstari wa katikati yatobolewe matundu mawili, kila moja sentimita 4.5 kutoka ncha yake. Umbali kati yake utakuwa sentimita 21. Kwa uzi wenye urefu wa sentimita 46 uliofungwa penseli, lichorwe tao la duara juu ya karatasi kubwa au sakafuni kwa chaki.

Kadibodi ipitishwe juu ya tao, matundu yote mawili yakibaki juu ya mstari daima, na penseli ifuate kingo zake katika kila hatua. Alama zitakazobaki zitaonyesha njia yenye upana wa karibu milimita 59, ilhali kadibodi yenyewe ina milimita 35. Jaribio likirudiwa kwa kipande cha sentimita 14, njia itapungua sana.

Wajenzi wa reli za mfano hutumia njia iyo hiyo: hufunga penseli katikati na kwenye ncha za behewa lao refu kuliko yote, kisha hulisukuma polepole kwenye reli ambayo bado haijapigiliwa. Chama cha National Model Railroad Association cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1935, kimekuwa kikitoa kipimio cha bapa cha chuma ambacho huhakiki geji, magurudumu, na nafasi inayotakiwa kuwa wazi juu na kando ya reli. Zamani, katika stesheni za mizigo za Uingereza, fremu ya chuma ilining'inizwa juu ya reli; behewa lililopakiwa lilipitishwa chini yake, na shehena iliyoigusa ilirudishwa ikapangwe upya. Fremu ile na penseli ya mjenzi vina kazi moja.

Utaratibu unaofaa

Kazi ya kupanga basi yaweza kufuata hatua hizi. Kwanza, kichaguliwe chombo kirefu na kipana kuliko vyote vitakavyopita, pamoja na vile vinavyotarajiwa baadaye. Pili, ihesabiwe michomozo yake katika kona iliyo kali kuliko zote. Tatu, kila umbali upimwe kutoka katikati ya reli, si kutoka ukingoni. Nne, yawekwe majengo ya muda ya kadibodi na treni ipitishwe pande zote mbili, taratibu na kwa kasi. Tano, majukwaa yapewe sehemu zilizonyooka kabla ya jengo lingine lolote kupewa nafasi. Gundi na misumari vifuate mwisho.

Hatua hizo hazina tofauti kubwa na zile za mhandisi wa reli halisi. Yeye pia hupima njia kama ilivyo, si kama ilivyoandikwa katika ramani ya kale, na huuliza chombo kikubwa kuliko vyote kitapita wapi. Katika Afrika Mashariki, ambako geji tatu zinatumika na miji inasogea kwenye kingo za njia za zamani, swali hilo litaulizwa tena na tena: kila ghala, kila uzio na kila daraja jipya lajengwa kando ya treni za leo, lakini litabaki hapo treni za kesho zitakapofika.